Kupasha Moto si Kusafisha

Katika visiwa vyetu, sinia la wali ndiyo heshima ya mwenyeji. Iwe harusi, maulidi au hitima, masufuria huinjikwa usiku wa manane, wali huiva alfajiri na wageni hula adhuhuri. Kinachobaki huwekwa, na mwiku wake hupashwa moto kesho yake watoto waendapo chuoni. Desturi ya kukirimu na kutotupa chakula ni njema, nasi hatukukusudia kuilaumu. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba imo hatari ndani yake.

Wapo bakteria waitwao Bacillus cereus, ambao hukaa udongoni na kutoka huko huingia katika mchele na vyakula vingine vya wanga. Mbegu zao huweza kustahimili maji yanayochemka. Wali ukishaiva na kuachwa upoe polepole, mbegu hizo huzinduka, huzaana na kutoa sumu. Sufuria kubwa iliyofunikwa hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo ndio unaowastawisha. Aliyekula hutapika baada ya muda wa nusu saa hadi saa 6. Ipo pia sumu yao nyingine, iletayo kuharisha baada ya saa 6 hadi 15.

Kosa letu ni kudhani kwamba kupasha moto ni kusafisha. Moto huweza kuwaua bakteria, lakini sumu ile itapishayo hustahimili hata nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 90. Wala wali wenye sumu hiyo si lazima unuke.

Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2; kama hakiliwi, kiwekwe juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5. Basi asiye na jokofu na apike kiasi cha kuliwa. Wapishi wa shughuli nao wapike karibu na wakati wa kula, na masufuria yasiondolewe kwenye makaa. Cha kugawia majirani kitolewe kingali moto, kiliwe papo hapo.

Aidha, tunawahimiza mabwana afya wasingoje wagonjwa wafike hospitali. Wawaendee wapishi na walimu mapema, wawafundishe. Hatuwezi kumlaumu mpishi kwa jambo ambalo hakuna aliyemweleza.