Jibini gani utengeneze? Muulize mteja kwanza

Wengi mnaniuliza, "Afisa, nianze na jibini ipi?" Jibu liko kwa mteja, na pia kwenye mfuko wako.

Wauza piza wanataka mozarela kwa sababu inayeyuka na kuvutika. Kwa mkate wa asubuhi, watu hupenda jibini ngumu ya kukata vipande, kama gauda. Feta huliwa kwenye saladi. Halumi inakaangwa bila kuyeyuka, hivyo inawafaa wasiokula nyama.

Sasa tupige hesabu. Kilo moja ya gauda inakula kama lita 10 za maziwa ya ng'ombe. Ukiwa na lita 40 kwa siku, unapata kilo 4. Lakini gauda inahitaji kukomaa kama wiki 4 hivi kabla ya kuuzwa. Tuseme lita ni shilingi 1,500: kwa siku 30 umelaza shilingi 1,800,000 kwenye rafu, na ng'ombe bado wanataka pumba. Mozarela mbichi unaiuza ndani ya siku chache, ila bila friji na oda ya uhakika itakuharibikia.

Mwenye mtaji mdogo aanze na mozarela ya oda, halafu atenge maziwa kidogo kidogo kwa ajili ya gauda.

Mwisho, ng'ombe akichomwa antibiotiki, subiri siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Dawa hiyo huua bakteria wanaochachusha maziwa, na jibini itagoma kabisa.