Konje ya Miguu na Kinga: Pumziko la Mfanyakazi Kwenye Vilima



Konje inapofika, katika nyumba minge za wafanyakazi maulizo ni yaleyale. Mama anauliza: "Tutaenda wapi?" Baba anajibu: "Franga iko wapi?" Basi baba anabaki karibu na nyumba, jioni anakwenda kwa marafiki, chupa inafuata chupa, na siku zinaisha. Anarudi kazini na deni, tena bila nguvu. Watoto nao hawakumwona baba yao kupita siku za kazi.

Ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Mwezi huu tunawasimulia namna mchungaji mmoja wa Uingereza alivyoutafutia dawa, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Dawa yenyewe haikuwa ya bei kali: miguu, vilima, na watu kutembea pamoja.

MJI WA VIWANDA, MFUKO MTUPU

Colne ni mji wa Lancashire, kaskazini ya Uingereza. Wakati ule watu wake wengi walifuma nguo za pamba. Mashine zilipiga kelele kutwa, vumbi la pamba likaingia mapafuni. Kila mwaka viwanda vilifungwa juma moja, na juma hilo halikulipwa. Sheria ya konje yenye kulipwa ilitoka kule mwaka wa 1938 tu. Kwa hiyo watu waliweka akiba mwaka mzima, kidogo kidogo, kisha wakapanda treni kwenda Blackpool, kando ya bahari. Huko kulikuwa muziki, pombe, na michezo ya kulipia. Kwa siku chache akiba ya miezi 12 ilikwisha.

Mchungaji Thomas Arthur Leonard alitumika katika kanisa la Congregational la mji huo. Mambo hayo yalimsumbua, lakini hakubaki mimbarini akiwagombeza vijana. Aliwaonyesha njia ingine. Mwaka wa 1891 alichukua watu kama 30 wa kundi la kanisa lake mpaka Ambleside, katikati ya milima na maziwa ya Lake District. Walipanda vilima kwa miguu, walikula meza moja, na kila mtu alitoa sehemu yake ya malipo.

Safari hiyo ilizaa ingine, na ile ingine ikazaa shirika zima, Co-operative Holidays Association. Nyumba zake zilikuwa za kawaida, chakula cha kawaida, pombe hakuna. Wanaume na wanawake walitembea pamoja kwa heshima. Lakini pole pole watu wenye mali walipenda nyumba hizo, na mfanyakazi wa kweli akaanza kukosa nafasi. Leonard aliona kwamba kazi imeanza kuacha wale ambao ilianzishwa kwa ajili yao. Mwaka wa 1913 aliondoka, akaanzisha shirika lingine, Holiday Fellowship, kusudi konje irudi kwa watu wadogo. Alikufa mwaka wa 1948.

MWALIMU NA MVUA KUBWA

Katika Ujerumani mwalimu Richard Schirrmann alifundisha kwanza Gelsenkirchen, mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe, kisha akaenda Altena. Alijua watoto wenye kukulia katika moshi. Alipenda kuwatoa nje, wajifunze kwa kutembea.

Mwezi wa 8 mwaka wa 1909, akiwa safarini na wanafunzi wake, mvua kubwa yenye radi iliwakuta njiani. Walipata kimbilio katika shule ya kijiji, wakalala juu ya majani makavu. Usiku ule Schirrmann alifikiri: wakati wa konje shule zote ni tupu, mbona zisilaze watoto wanaotembea? Kutoka wazo hilo kulizaliwa nyumba za kulaza vijana wasafiri kwa bei ndogo. Moja ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1912 katika ngome ya kale ya Altena. Leo nyumba kama hizo ziko katika inchi nyingi za dunia.

KINGA, NA DENI LA MPIRA

Baiskeli nayo, ile sisi tunaita kinga, ilimfungulia mfanyakazi mlango. Mwaka wa 1894 wafanyakazi wa Birmingham walianzisha Clarion Cycling Club. Siku ya mungu walitoka mjini na baiskeli, wakaenda kupumua hewa ya mashamba na vilima.

Lakini sisi Wakongomani tusisahau upande mwingine wa habari hii. Baiskeli ilikuwa ngumu kupanda mpaka Dunlop alipotengeneza tairi ya mpira yenye hewa, mwaka wa 1888. Kutoka hapo dunia ilitafuta mpira kwa nguvu, na katika Kongo ya mfalme Leopold II mpira huo ulikamatwa kwa fimbo, kwa bunduki na kwa kukata mikono. Pumziko la watu wa Ulaya lilikuwa na jasho na damu ya babu zetu ndani yake. Kwa hiyo mtoto wetu akipanda kinga kwa furaha, asione haya kana kwamba anaiga mambo ya wageni. Babu zake walikwisha kuilipia.

MILIMA YA NANI?

Karibu na mji wa viwanda wa Manchester kuna mlima Kinder Scout, mita 636. Wenye mali waliufunga kusudi wawinde ndege wao peke yao. Mfanyakazi aliuona mlima kwa macho, lakini mguu wake haukuruhusiwa. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 1932, watu karibu 400 waliupanda kwa makusudi. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa kijana wa miaka 20. Alifika na baiskeli yake, kwa sababu polisi walikuwa wanamngojea kwenye stesheni ya treni. Vijana watano walifungwa, Rothman miezi minne.

Hasira ya watu juu ya hukumu hiyo haikuzimika. Mwaka wa 1951 vilima hivyo vya Peak District vikawa mbuga ya kwanza ya taifa katika Uingereza. Na katika vilima hivyohivyo kulikuwa njia ya reli iliyobeba mawe na makaa. Ilipofungwa, vyuma viling'olewa, na njia yake, kilometa 27, ikatengenezwa kwa watu wa miguu na wa baiskeli. Mahali pa mzigo pakawa mahali pa pumziko.

NA SISI JE?

Mtu atasema: "Kutembea mu pori? Ile iko kazi ya batu ba makala!" Ni kweli, kwetu kinga na kilima vinakumbusha taabu. Yule anayesukuma mifuko ya makala mpaka Lubumbashi hatembei kwa kupenda. Lakini mfumaji wa Colne naye alichoka kutwa. Kilichomponya ni kutembea bila mzigo, bila mkubwa wa kazi nyuma yake, na wale anaowapenda pembeni yake. Pumziko la namna hiyo si kazi ya pili.

Tena hatukosi milima. Tuko na Kundelungu, mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1970, ambako maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300. Huko hauingii bila ruhusa ya walinzi, na ni mbali. Lakini karibu na Likasi, Kambove au Kolwezi vilima viko, na kundi la vijana wa kanisa linaweza kuanza na siku moja tu. Mashauri machache:

1. Anzeni pole pole: kilometa 10 kwa miguu, ao 30 kwa kinga. Mwendo ufuate mtoto na mzee, si kijana mwenye mbio.

2. Chagueni kipindi cha kiangazi. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi sana juu ya vilima, bebeni mablanketi. Kisha mwezi wa 8 muangalie moto wa pori.

3. Ulizeni kwanza habari za usalama wa njia, na msalimie chifu wa kijiji mbele ya kulala kwake.

4. Msikaribie mashimo ya zamani ya wachimbaji, na msinywe maji yanayotoka upande wa viwanda. Bebeni maji yaliyochemshwa.

5. Kwa kinga: pompe, kole na viraka. Mmoja akitoboka tairi, wote wanasimama.

6. Kila nyumba itoe franga kidogo mwezi kwa mwezi katika sanduku moja. Mwenye kidogo asiachwe. Hapo ndipo kazi ya Leonard ilianza kupotea njia.

Katika Marko 6:31, Yesu aliona wanafunzi wake hawana hata nafasi ya kula, akawaita mahali pa upweke wapumzike kidogo. Hakuwapa kwanza kazi ingine.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Baba akiwa katika konje, watoto wanamwona saa ngapi? Franga ya konje iliyopita ilikwenda wapi? Ni kilima gani tunachokiona kila siku, na hatujakipanda pamoja hata mara moja?