Thuku wa Kambui na mkutano wa London wa 1923

Mwaka 1923 viongozi wa Wahindi wa Kenya, akiwamo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, walikwenda London kudai haki sawa kwenye katiba ya koloni. Sensa ya 1921 ilikuwa imehesabu Wahindi zaidi ya 22,000 na Wazungu wasiofika 10,000. Wahindi walitaka daftari moja la wapiga kura, na ruhusa ya kununua mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Walowezi, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wamehamaki kiasi cha kupanga kumteka nyara gavana.

Mashamba yaliyogombaniwa ni pamoja na haya yetu, toka Kiuu na Ruiru hadi Thika, yaliyokuwa yamejaa kahawa na mkonge. Lakini hakuna Mwafrika aliyeitwa London.

Aliyestahili kuitwa, kwa maoni yangu, ni mwanaharakati Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, si mbali na Ruiru. Mwaka 1921 alipeleka simu ya maandishi London kueleza kwamba Wahindi hawakuwa adui wa Waafrika. Yeye alilia na kipande (kitambulisho ambacho wafanyakazi Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi na mishahara iliyopunguzwa, na Mhindi M. A. Desai, mwenye gazeti, alimsaidia. Machi 14, 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliinua nguo yake juu, akawaambia wanaume wampe suruali zao wachukue gauni lake. Risasi zikafyatuliwa, Muthoni akafa, pamoja na wengine wengi. Thuku akahamishiwa Kismayu, na London ilipokaa kuamua, yeye alikuwa bado kizuizini.

Uamuzi wa Waziri wa Makoloni, Duke wa Devonshire, ulitoka Julai 1923: Kenya ni nchi ya Waafrika, na maslahi yao ndiyo yatakayotangulizwa. Maneno mazito, ila yalitumika kwanza kuwanyamazisha Wahindi. Wazungu walibaki na viti 11 katika Baraza la Kutunga Sheria, na nyanda zao. Wahindi wakapewa vitano, kwa daftari la peke yao, wakasusia. Mwafrika alipewa mmisionari wa kumsemea.

Walimu wa Ruiru na Thika, mnapofundisha mikutano ya katiba ya Lancaster House, London, anzieni hapa Kambui. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, miaka 21 baada ya ahadi ile.