Mikongo ya telegrafu chini ya bahari: kweli au si kweli?

Mkongo wa Atlantiki wa mwaka 1858 uliiunganisha Ulaya na Marekani moja kwa moja.
Uliunganisha, lakini haukudumu. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98 tu, zilichukua saa 16 kupita. Baada ya wiki kama tatu mkongo ukafa. Mtaalamu wa umeme wa kampuni ya mkongo huo, Wildman Whitehouse, alikuwa ameusukumia umeme mkali mno.

Mkongo huo ulikuwa waya mtupu uliotupwa baharini.
Si kweli. Waya wa shaba usiofunikwa ungevujisha umeme wote kwenye maji ya chumvi. Ulifunikwa kwa gutapecha, utomvu wa miti ya misitu ya Malaya, ambao hulainika kwenye maji ya moto na kuwa mgumu kwenye baridi ya kilindini. Juu yake zikazungushwa nyuzi za katani, kisha nyaya za chuma. Ili kuupata utomvu huo, mti ulikatwa mzima. Miti hiyo ilikaribia kumalizwa kwa ajili ya salamu za wakubwa, na hilo halisemwi vya kutosha.

Mkongo ukizama ndiyo basi.
Si kweli. Mwaka 1865 meli Great Eastern ilipoteza mkongo katikati ya Atlantiki. Mwaka uliofuata ikarudi, ikauopoa kwa kulabu kutoka kina cha kilomita kama 4, ikauunga, nao ukafanya kazi.

Afrika Mashariki ilipata mkongo wa baharini mwaka 2009.
Si kweli hata kidogo! Huo wa 2009 ulikuwa wa intaneti. Zanzibar ilifikiwa na mkongo wa telegrafu mwaka 1879, zama za Sultani Barghash, kwenye njia ya kutoka Aden hadi Durban. Haukuletwa kwa ajili yetu. Januari mwaka huo Wazulu waliwashinda Waingereza kule Isandlwana, Afrika Kusini, na habari ikafika London baada ya wiki kama tatu, kwa kuwa sehemu ya safari ilikuwa kwa meli. Uingereza ikaharakisha kutandaza waya.

Matunda yake Zanzibar iliyaona. Tarehe 25 Agosti 1896, Khalid, mwana wa Sultani Barghash, aliposhika kasri la sultani bila ridhaa ya Uingereza, Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, alipeleka telegramu London kuomba ruhusa ya kulipiga kwa mizinga. Jibu lilifika kesho yake. Tarehe 27 asubuhi manowari zilifyatua, na vita havikudumu hata saa moja. Kwa barua, ruhusa hiyo ingechukua wiki kadhaa.