Theluji Ndiyo Mvua Yao

Ngano ikishavunwa kusini mwa Saskatchewan, jimbo la Kanada, mkulima haondoi mabua. Huyaacha yamesimama, marefu kama ya kufika chini ya goti, na Mei ikiwadia hupitisha mashine ya kupandia katikati yake bila kulima. Mgeni aliyezoea shamba safi atadhani mwenyewe ni mvivu. Lakini theluji ikipeperushwa na upepo, mabua huikamata, na Aprili ikiyeyuka, maji huzama palepale. Katika eneo ambalo sehemu nyingi hazipati hata milimita 400 kwa mwaka, hilo si jambo dogo. Mabwana shamba wetu huuita utaratibu huu kilimo hifadhi. Kule hufanywa kwenye mashamba ya maelfu ya ekari.

Nyanda hizi za nyasi za Kanada, yaani Alberta, Saskatchewan na Manitoba, zilitolewa onyo mapema. Kapteni John Palliser alizipita kati ya 1857 na 1860, akasema eneo la kusini ni kavu mno kwa kilimo. Reli ikajengwa, mashamba yakagawiwa hata hivyo. Miaka ya 1930 udongo uliolimwa ukapaa angani, na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 1935 ikapitishwa sheria ya kuyafufua mashamba: malambo yakachimbwa, ardhi iliyochoka ikarudishwa kuwa malisho, na kitalu cha miti cha Indian Head kikaendelea kugawa miche ya kukinga upepo. Jumla ya miche iliyogawiwa tangu kitalu kianze ilizidi milioni 600. Mpango huo wa miti ukafutwa mwaka 2013, na wakulima wengine wameshaing'oa mikanda ya miti ili matrekta yao makubwa yapate pa kugeukia. Lakini ukame haujaisha: ule wa 2021 ulipunguza mavuno ya ngano na kanola nchini humo kwa zaidi ya theluthi, na wafugaji wakauza ng'ombe kwa kukosa nyasi kavu.

Manitoba shida yake ni kinyume: maji kuzidi. Mto Red hutiririka kwenda kaskazini, kwa hiyo barafu ya upande wa chanzo, kusini, huyeyuka wakati huku chini, kaskazini, mto bado umeganda, na maji hufurika. Winnipeg, mji mkuu wa jimbo hilo, ilizama 1950. Duff Roblin, kiongozi wa jimbo, akachimbisha mfereji wa kilomita 47 wa kuyazungusha maji nje ya mji. Waliompinga waliubeza kwa kuuita mtaro wa Duff. Ulikamilika 1968, na gharika ya 1997 ilipokuja, mji ukaokoka.

Siku hizi wenyeji wa asili wa nyanda hizi nao wanamrudisha baisani, mnyama wa jamii ya nyati aliyekaribia kumalizwa kwa bunduki. Tangu 2019 wapo kwenye hifadhi ya Wanuskewin, karibu na mji wa Saskatoon, Saskatchewan. Januari, ng'ombe akiwa anasubiri kuletewa majani, baisani huinamisha kichwa, akaisukuma theluji kushoto na kulia, akala nyasi iliyo chini yake.