Kuvu Inayopata Ukali kwa Kupoteza Jeni

Mkate unaoliwa Juba Na Bari, kama ulivyo wa mitaa mingine ya Juba, huokwa zaidi kwa unga wa ngano unaoagizwa kutoka nje, kwa kuwa wakulima wa Sudan Kusini hutegemea hasa mtama, ambao wenyeji huuita dura. Kwa hiyo ugonjwa unaoshambulia ngano ya nchi jirani haupaswi kuhesabiwa kuwa shida ya wengine.

Ugonjwa huo ni kutu ya shina, unaoletwa na kuvu iitwayo Puccinia graminis, na spora zake, yaani chembe ndogo za uzazi, husafirishwa na upepo hadi nchi za mbali. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, kutu ilionekana juu ya ngano yenye Sr31, jeni ya kinga iliyohamishwa kutoka nafaka ya rai na kutumainiwa duniani kwa miaka mingi. Aina hiyo ya kuvu, iliyoelezwa mwaka 1999 na kupewa jina Ug99, ilifika Sudan na Yemen kufikia 2006, kisha Iran mwaka 2007.

Wengi hudhani kwamba kuvu huzidi kuwa kali kwa kujipatia silaha mpya, lakini mara nyingi mambo huwa kinyume. Kuvu huingiza protini ndani ya seli za mmea ili kuudhoofisha, na jeni ya kinga hufanya kazi kwa kuitambua mojawapo ya protini hizo. Badiliko la jeni, yaani mutesheni, likiharibu protini inayotambuliwa, kuvu hupita bila kugunduliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulithibitisha hilo: kuvu ya kutu iliyoharibiwa jeni ya AvrSr35 iliweza kuishambulia ngano yenye kinga ya Sr35.

Ukali, hata hivyo, si sawa na ukuaji. Katika kuvu ya blasti ya mpunga, mutesheni inayozima jeni ya PMK1 huiacha kuvu ikikua vizuri katika sahani ya maabara, ila huinyima kiungo cha kutobolea jani, na mmea hubaki salama. Kutu haiwezi kuchunguzwa kwa wepesi huo, kwani hustawi juu ya mmea hai tu.

Nchini Kenya, mwaka 2006, ukoo wa Ug99 ulionekana umeishinda pia Sr24, na mwaka uliofuata ngano ya Kenya Mwamba, iliyotegemea jeni hiyo, iliathirika vibaya. Kuikabili kutu kwa jeni moja moja ni kuipa kuvu mtihani rahisi, kwa maana mutesheni moja yatosha kuufaulu. Ndiyo maana watafiti wa Njoro, nchini humo, wanaopima ngano za nchi nyingi tangu 2005, hupendelea mbegu zenye jeni kadhaa za kinga kwa pamoja.