Mpira wa Mita Mbili: Hewa ya Kumpa Mwenzako Chini ya Maji

Je, wajua kwamba mpiga mbizi wa mapangoni akiona mwenzake ameishiwa hewa, huchomoa kipumulio kilicho mdomoni mwake mwenyewe na kumpa? Cha akiba hakitoki. Hicho hubaki na mwenye mtungi, naye hukitia kinywani mwake mwenyewe baada ya mwenzake kuanza kupumua. Kwa anayesikia habari hii mara ya kwanza ni wendawazimu mtupu: uko mita 30 chini ya maji, gizani, halafu unatoa mdomoni kitu kinachokuweka hai? Lakini nyuma ya kitendo hicho upo mpira mweusi wenye urefu wa mita 2.1, na jinsi unavyopangwa mwilini kuna historia yake na hesabu zake.

Tuanze na mtungi. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi bar 200 hubeba hewa ambayo huku juu ingechukua nafasi ya lita 2,400. Hewa iliyoshindiliwa kiasi hicho haiwezi kwenda kinywani moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye valvu ya mtungi hufungwa kifaa cha chuma kinachoishusha mpaka ibaki kama bar 10 juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mzamiaji. Kutoka hapo mipira hutawanyika: mmoja kwenye kipumulio cha mdomoni, mmoja kwenye kipumulio cha akiba, mmoja wa kujaza jaketi la kuelea, na mmoja wa geji. Mitatu ya kwanza hupitisha shinikizo dogo. Wa geji ndio unaobeba shinikizo lote la mtungi.

Hapa pana jambo linalowashangaza hata wenye leseni zao. Ukiuliza mpira upi ukipasuka ni balaa zaidi, wengi watataja wa geji. Kumbe geji haihitaji hewa ya kupita, inahitaji kusukumwa tu, kwa hiyo tundu lake limetobolewa jembamba mno. Ukipasuka utatoa kelele na mapovu ya kutisha, lakini mtungi utaisha polepole. Mpira wa kipumulio umeundwa kumpitishia mtu mapafu mazima ya hewa kwa pumzi moja. Huo ukikatika, mtungi unamalizika kwa dakika chache.

Mipira hiyo minne ikiachwa ijipange yenyewe, kila mmoja hufanya kitanzi begani au ubavuni, na kila kitanzi kinatafuta cha kunasia: ngazi ya boti, wavu ulioachwa na wavuvi, pembe ya tumbawe. Kinachoumia kwanza ni kipumulio cha akiba. Kimechomekwa kwenye kishikizo cha plastiki kifuani, mzamiaji akageuka mara mbili kupiga picha, kikachomoka. Sasa kinaburutwa nyuma yake juu ya mchanga, mdomo wazi, kikikusanya changarawe. Ukikaa juu ya mwamba wa Mnemba, Watamu au Mafia siku yenye wageni wengi utawaona wa namna hiyo. Matumbawe ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kipumulio kinachoning'inia kinaweza kufuta kazi ya miaka kadhaa kwa mkwaruzo mmoja. Na mwenye kipumulio hana habari. Siku atakapokihitaji ataanza kukipapasa pale alipokiacha.

Zamani tatizo hili halikuwapo, kwa sababu hapakuwa na cha akiba. Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipounda chombo chao huko Ufaransa mwaka 1943, kilikuwa na mipira miwili minene yenye makunyanzi iliyozunguka shingo, mmoja wa kuingiza hewa na mmoja wa kutoa pumzi, na mdomo mmoja katikati. Mwenzako akiishiwa mlipokezana: pumzi mbili zangu, pumzi mbili zako, huku mkishikana mikono na kupanda taratibu. Kwenye bwawa la kuogelea zoezi hilo hupendeza. Kwa watu wawili wenye hofu ni kamari, maana anayepewa kwa zamu anaweza kugoma kurudisha. Mwaka 1952, huko Melbourne, Ted Eldred alianza kuuza chombo chake kilichoitwa Porpoise, chenye mpira mmoja mwembamba: kifaa cha kushusha shinikizo kikabaki kwenye mtungi, kipumulio kikaja mdomoni. Mpangilio huo ndio ulioruhusu, baadaye, mpira wa pili kufungwa kwenye kifaa kilekile, na hapo ndipo kilipozaliwa kipumulio cha akiba ambacho wazamiaji hukiita oktopasi. Mpira wake huwa wa manjano, una urefu wa karibu mita moja, na wanafunzi hufundishwa kukiweka katika pembetatu kati ya kidevu na ncha za mbavu ili kionekane haraka.

Kwa bahari ya wazi, ambako ukiinua macho unaona mwanga, mpangilio huo unatosha ukisimamiwa vizuri. Kwenye mapango ya Florida haukutosha.

Kaskazini mwa jimbo hilo la Marekani ardhi ni mawe ya chokaa, na chini yake yamepita mapango marefu yaliyojaa maji matamu. Humo hakuna kupanda juu. Ukipanda unagonga dari. Mwenzako akiishiwa hewa, mnatoka kwa njia mliyoingilia, hata kama ni nusu kilomita, na mara nyingi njia hiyo ina mahali pembamba pa kupita mtu mmoja mmoja. Watu wengi walifia humo katika miaka ya 1960 na 1970. Sheck Exley, mwalimu wa hesabu wa sekondari aliyeanza kuzamia mapangoni mwaka 1966, alichambua ajali hizo moja moja, na mwaka 1979 akatoa kitabu kidogo cha mafunzo kilichojengwa juu ya visa vyenyewe. Kanuni iliyoshika kuliko zote ni ya theluthi: theluthi moja ya hewa ya kuingia, moja ya kutoka, na ya tatu usiiguse, ni ya dharura. Theluthi hiyo ya tatu, tusisahau, ni hewa ya mwenzako.

Lakini hewa ya mwenzako ikiwa mgongoni mwako, atafikaje nayo nje? Mpira wa mita moja huwalazimisha kuogelea bega kwa bega, na penye wembamba bega kwa bega haipo. Hapo ndipo mpira mrefu ulipoingia: aliyeishiwa anatangulia, mwenye mtungi anafuata nyuma akimwona, na mpira umenyooka kati yao.

Mpira wa mita mbili ungeweza kuwa tanzi baya kuliko yote. Sifa ya kuufuga huenda kwa mzamiaji mwingine wa Florida, William Hogarth Main, ambaye mpangilio wake umebaki na jina lake la kati mpaka leo. Main alikuwa mtu wa kupunguza. Kila kitu asichokihitaji alikiacha nyumbani, na alichokibeba alikilaza mwilini mpaka kisiwe na pa kunasia. Mpira mrefu hutoka kwenye valvu ya kulia, hushuka nyuma ya bega na ubavu wa kulia, hubanwa kiunoni chini ya betri ya tochi au kwenye mkanda, kisha hupanda ukikata kifua mshazari kuelekea bega la kushoto, huzunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni kutoka kulia. Kwa ufupi, umevaliwa lubega. Ukiutazama kwa mbali huuoni, na ukipita kwenye tundu haushiki kitu.

Kuutoa ni kitendo kimoja. Mzamiaji anainamisha kichwa, mkono wa kulia unachomoa kipumulio, unakipitisha juu ya kichwa na kukinyoosha mbele ya uso wa mwenzake. Kitanzi cha shingoni kinafunguka chenyewe, na hiyo tu ni zaidi ya mita moja. Kipande kilichobanwa kiunoni kinachomolewa baadaye, watu wakishatulia. Wakati huohuo kipumulio cha pili kinangoja chini ya kidevu kwenye mpira mfupi, kimevishwa kamba ya lastiki shingoni. Mtu mzoefu hukidaka kwa mdomo bila kutumia mikono. Hakiwezi kuburutwa, hakiwezi kusahauliwa, na kikivuja mapovu utayasikia.

Hata uchaguzi wa valvu ya kulia una maana. Wazamiaji hawa hubeba mitungi miwili iliyounganishwa, yenye valvu mbili nyuma ya kichwa. Ukiogelea kwenda mbele na kukwaruza dari, komeo la kushoto husukumwa upande wa kufunga, la kulia upande wa kufungua. Mpira utakaompa mwenzako unawekwa penye valvu isiyoweza kujifunga yenyewe. Kile kifupi cha shingoni kiko kushoto, na ndiyo maana watu hawa hujizoeza kufikia makomeo yote mawili kwa mkono bila kutazama.

Turudi kwenye swali la mwanzo: kwa nini utoe cha mdomoni? Jibu la kwanza linatoka kwenye hofu. Kinachomfanya mtu ahisi lazima avute pumzi ni hewaukaa inayojazana mwilini, na hisia hiyo haina subira. Aliyeishiwa hewa hatafuti kitu cha manjano kifuani. Anaona kipumulio kinachotoa mapovu na anakirukia. Kwa kuwa atakichukua hichohicho, afadhali mpangilio mzima uwe umekitegemea. Jibu la pili ni kwamba hewa unayoivuta wewe sasa hivi imeshajulikana kuwa salama. Wazamiaji wa kina kirefu hubeba mitungi ya michanganyiko tofauti, na oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 inaweza kumpa mtu degedege. Ukimpa mwenzako kilicho mdomoni mwako humbahatishii.

Sasa hesabu, maana mpira mrefu usio na hewa ni urembo tu. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne, kwa hiyo anatumia lita 80. Mwenye hofu huzidisha mara mbili: 160. Watu wawili wenye hofu kwenye mtungi mmoja ni lita 320 kwa dakika. Wengi wamefundishwa kuwa juu ya maji na bar 50, na kuna wanaoanza kupanda geji ikisoma 50. Bar 50 kwenye mtungi wa lita 12 ni lita 600, yaani chini ya dakika mbili kwa watu hao wawili wakiwa bado chini. Kupanda kutoka mita 30 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika huchukua dakika tatu na ushee, na kunakula karibu lita 670. Ongeza dakika moja ya kupeana kipumulio na kushikana vizuri kabla ya kuanza kupanda, unafika lita 990 hivi. Hizo ni zaidi ya bar 80. Geji ikisoma chini ya hapo nawe bado uko mita 30, kipumulio chako cha pili ni pambo.

Kuna wanaonunua vichupa vya dharura vya nusu lita na kujiona wamemaliza kazi. Nusu lita kwa bar 200 ni lita 100. Kwa mtu mwenye hofu kwenye mita 30 hizo ni sekunde 40 hivi. Mtungi mdogo wa lita 3, wenye kipumulio chake peke yake, una lita 600, na huo ni msaada wa kweli kwa anayezamia bila mwenzi wa kumtegemea.

Je, kila mtalii avae mpira wa mita mbili? Kwa maoni yangu, hapana. Kwenye bahari ya wazi hakuna matundu ya kupita mmoja mmoja, na mpira wa mita moja na nusu unaopita chini ya kwapa unatosha sana. Cha kuigwa na kila mtu ni ile lastiki ya shingoni. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye begi, na kinaondoa kipumulio cha akiba mchangani moja kwa moja. Hatari iliyobaki ni kuchanganya: mmoja amefundishwa kutoa cha manjano, mwingine kutoa cha mdomoni, na hawakuambiana kabla ya kuruka.

Mipira yenyewe nayo huzeeka. Hupasuka kwanza pale inapokutana na chuma, kwa hiyo vuta nyuma kile kifuniko cha plastiki na ukunje kidogo kuona nyufa. Ile ya kisasa iliyofumwa kwa nailoni huficha ubovu wake. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, limewahi kueleza kisa cha mpira ambao ndani yake plastiki iligeuka chengachenga zikaziba hewa, na joto na unyevu vikatajwa kuwa wachochezi. Sisi wa Pwani tunaoanika vifaa juani kutwa nzima tuna sababu ya kuisikiliza habari hiyo.

Basi ukienda kuzamia, kabla hujavaa mapezi mwombe mwongozaji wako akuoneshe atakupa kipumulio kipi na chake cha pili kiko wapi. Fanyeni zoezi hilo mara moja mkiwa bado kwenye maji ya kina kifupi. Akianza kujipapasa kifuani, omba mwongozaji mwingine.